Prussia na Austria: jinsi uhasama ulivyojenga falme mbili za kiimla

Tarehe 18 Januari 1701, katika mji wa Königsberg karibu na pwani ya Bahari ya Baltiki, Friedrich III, mtawala wa Brandenburg, alijivika taji kwa mikono yake mwenyewe. Hakuvikwa na Papa wala askofu. Alipokwisha kujivika akamvika na mkewe, ndipo akaenda kanisani kupakwa mafuta na maaskofu wawili, mmoja Mlutheri na mwingine Mkalvini, ambao yeye mwenyewe aliwapa cheo hicho kwa ajili ya shughuli ya siku ile. Kuwasafirisha watu na mizigo kutoka Berlin hadi Königsberg, tena katikati ya majira ya baridi, kulihitaji farasi wapatao 30,000 wa kupokezana njiani. Gharama zote zilizidi mapato ya serikali yake ya mwaka mzima.

Makao yake yalikuwa Berlin. Kwa nini basi aende mamia ya kilomita kwenye theluji kulifuata taji? Ukilijua jibu la swali hilo, umeshaelewa sehemu kubwa ya siasa za nchi za Wajerumani katika karne ya 17 na ya 18. Na habari hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Kaisari Wilhelm I, ambaye tarehe 27 Februari 1885 alitia saini barua ya ulinzi iliyoifungulia kampuni ya Carl Peters njia ya kuitawala Tanganyika, alikuwa mtu wa ukoo uleule wa Friedrich, ukoo wa Hohenzollern.

Mwaka 1701 hapakuwa na nchi iitwayo Ujerumani. Palikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, muungano wa tawala zaidi ya 300: nchi za wakuu wa kurithi, nchi zilizotawaliwa na maaskofu, miji huru iliyojiendesha yenyewe, na maeneo madogo ya makabaila waliomiliki vijiji vitatu vinne tu. Juu ya wote alikuwapo Kaisari. Cheo chake kilipigiwa kura na watawala wachache walioitwa wateuzi, saba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1356, ambao mwishoni mwa karne ya 17 walifikia tisa. Lakini tangu 1438 kura hiyo ilikuwa ikimwangukia mtu wa ukoo wa Habsburg, kaisari baada ya kaisari, mpaka watu wakaona ni urithi wao.

Ndani ya dola hilo hakuna mtawala aliyeweza kujiita mfalme ila mfalme wa Bohemia, na taji la Bohemia nalo lilikuwa mikononi mwa Habsburg. Prussia, nchi nyingine ya Friedrich ambako Königsberg ilikuwa mji mkuu, ilikuwa nje ya mipaka ya dola. Huko Friedrich angeweza kuwa mfalme bila kuvunja utaratibu. Bado alihitaji Kaisari Leopold I amtambue, na Leopold alikubali kwa bei: askari 8,000 wa kumsaidia katika vita vya kurithi kiti cha Hispania vilivyokuwa vinanukia. Habsburg wakapata msaada wa vita moja. Mpinzani wao akapata cheo ambacho wajukuu wake wangekitumia dhidi ya wajukuu wa Leopold.

Biashara ya namna hii, cheo kwa askari, kodi kwa upendeleo, ndiyo iliyojenga falme za kiimla katika nchi za Wajerumani. Tumezoea kumwona mfalme wa kiimla kama mtu anayeamrisha na kila kitu kikatendeka. Mambo hayakuwa hivyo. Kila nchi ilikuwa na mabaraza yake ya matabaka, wakikaa humo makabaila, wakuu wa dini na wawakilishi wa miji, na bila idhini yao mtawala hakuwa na haki ya kutoza kodi mpya. Asiye na kodi hana jeshi la kudumu, na asiye na jeshi la kudumu hupangiwa mambo na jirani. Kuwa mfalme wa kiimla kulimaanisha hasa kupata fedha na askari bila kupiga magoti mbele ya mabaraza hayo kila mwaka. Wachache walifanikiwa. Waliofanikiwa walifanya hivyo kwa kupatana na makabaila, na kilichotolewa katika mapatano hayo ni wakulima.

Prague, 1620

Austria, nchi ya Habsburg, ilitangulia, na ilitangulia kwa upanga. Mei 1618 makabaila Waprotestanti wa Bohemia waliwatupa magavana wawili wa Habsburg pamoja na karani wao kupitia dirisha la ngome ya Prague. Wote watatu walinusurika, lakini vita iliyoanzia hapo ilidumu miaka thelathini. Wabohemia walimkataa Ferdinand wa Habsburg wakajichagulia mfalme mwingine. Tarehe 8 Novemba 1620, kwenye Mlima Mweupe nje kidogo ya Prague, jeshi lao lilivunjwa katika muda usiofika saa mbili.

Adhabu iliyofuata haikusahaulika. Tarehe 21 Juni 1621 viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani katika uwanja wa mji mkongwe wa Prague, na vichwa vya 12 kati yao vikatundikwa kwenye mnara wa daraja, vikakaa huko miaka kumi. Mwaka 1627 Ferdinand alitoa katiba mpya: taji la Bohemia likawa la kurithiwa na Habsburg, hakuna tena kumchagua mfalme, na imani ya Kikatoliki peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kwa Wakristo. Mashamba makubwa ya waasi yalinyang'anywa wakapewa watu watiifu kwa Kaisari, wengi wao wageni.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Makabaila wapya walipoteza sauti katika siasa, lakini juu ya wakulima waliongezewa nguvu. Mkulima wa Bohemia alikuwa mtwana: hakuruhusiwa kuhama, kuoa, wala kumfundisha mwanawe ufundi bila ruhusa ya bwana, na alidaiwa shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na malipo, kwenye shamba la bwana huyo. Mwaka 1680 wakulima waliasi. Leopold alituma askari kuwazima, kisha akatoa amri kwamba shokoa isizidi siku tatu kwa wiki. Siku tatu kati ya sita za kazi, na wakati wa mavuno ziliweza kuongezwa. Hiyo ilihesabiwa kuwa huruma ya mfalme.

Amani ya Westphalia ya mwaka 1648 iliwapa watawala wote wa dola uwezo mkubwa nyumbani mwao, pamoja na haki ya kufanya mikataba na nchi za nje mradi isiwe dhidi ya Kaisari na dola. Kwa Habsburg maana yake ilikuwa wazi: ndoto ya kuitawala Ujerumani yote kama Bohemia imekwisha. Wakageuza macho upande wa mashariki. Baada ya Waturuki wa Osmani kushindwa mbele ya Vienna mwaka 1683, majeshi ya Habsburg yaliendelea hadi yakaitwaa karibu Hungaria yote, na mkataba wa 1699 ukathibitisha ushindi huo. Hata hivyo Hungaria haikuwa Bohemia. Makabaila wake walipigana chini ya Ferenc Rákóczi kuanzia 1703 hadi 1711, na ingawa walishindwa, walibaki na haki yao ya kutolipa kodi. Kwa hiyo Austria ya mwaka 1711 ilikuwa kubwa kwa eneo na ilikuwa na heshima ya Kaisari, lakini kila jimbo lilikuwa na mabaraza yake, na hazina ilitegemea maelewano na kila moja.

Nchi ya mchanga

Brandenburg ilikuwa kinyume chake. Udongo wake ni mchanga mtupu, mito yake inakwenda taratibu kati ya misitu ya misonobari, na haina madini ya maana. Friedrich Wilhelm, baba yake Friedrich III, aliporithi utawala mwaka 1640, akiwa na miaka 20, majeshi ya Uswidi na ya Kaisari yalikuwa yamepita hapo mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya wilaya zilikuwa zimepoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Juu ya hayo, urithi wake ulikuwa umetawanyika: Cleves na Mark huko magharibi karibu na Uholanzi, Brandenburg katikati, na Prussia mashariki kabisa, ambayo aliitawala kama mtu wa chini ya mfalme wa Poland. Nchi hizo hazikuwa na sheria moja wala baraza moja. Watu wa Cleves hawakuona sababu yoyote ya kulipia ulinzi wa Königsberg.

Mwaka 1653 aliwaita makabaila wa Brandenburg wakapatana. Walimpa thaler 530,000, sarafu za fedha za wakati huo, zilipwe katika miaka sita, aweze kuweka jeshi. Naye aliwathibitishia kwamba mkulima katika mashamba yao huhesabiwa kuwa mtwana isipokuwa awe na ushahidi wa kuonyesha kwamba ni huru. Isome tena sentensi hiyo. Mzigo wa ushahidi aliwekewa mtu ambaye mara nyingi hakujua kusoma, mbele ya mahakama ambayo hakimu wake alikuwa bwana wake mwenyewe.

Miaka sita ilipokwisha jeshi lilikuwa limekwishazaliwa, na jeshi lililopo hujitafutia chakula. Ofisi iliyoundwa kulisimamia wakati wa vita, yaani makamishna wa vita, ikaanza kukusanya kodi moja kwa moja, ikapanga ushuru wa bidhaa mijini, na polepole ikafanya kazi ambazo zamani zilikuwa za mabaraza. Jeshi lilipokuwa limeshaundwa, kodi iliyokuwa ikiombwa ilianza kudaiwa.

Huko Prussia kazi ilikuwa ngumu zaidi. Friedrich Wilhelm alitumia vita kati ya Uswidi na Poland kujikomboa: alibadili upande, na kwa mkataba wa Wehlau mwaka 1657 Poland ikakubali kwamba Prussia ni yake moja kwa moja. Wenyeji wa Königsberg hawakuulizwa. Hieronymus Roth, mmoja wa viongozi wa mji, alisimama kudai kwamba mtawala hawezi kubadilishwa bila ridhaa ya baraza. Mwaka 1662 askari walimkamata, na alibaki gerezani hadi alipofariki mwaka 1678. Miaka minane baada ya Roth kukamatwa, kabaila Christian Ludwig von Kalckstein, aliyekimbilia Warsaw kuomba msaada, alitekwa huko huko na mawakala wa Brandenburg, akasafirishwa kwa siri na mwaka 1672 akakatwa kichwa. Alinyakuliwa katika mji mkuu wa nchi nyingine! Baada ya hapo upinzani wa Prussia ulinyamaza.

Mtawala huyo huyo aliwafungulia mlango Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya mfalme wao Louis XIV mwaka 1685. Wapatao 20,000 walihamia kwake wakija na ufundi wa kufuma, wa saa na wa dhahabu. Na ndiye huyo huyo aliyeanzisha kampuni ya Kiafrika ya Brandenburg mwaka 1682 na kujenga ngome ya Groß Friedrichsburg katika pwani ya Ghana ya leo, ambako kampuni yake ilinunua watu na kuwauza utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Mjukuu wake aliona biashara hiyo haina faida, akaiuza ngome kwa Waholanzi, lakini Jan Conny, kiongozi wa Waahanta, aliwazuia Waholanzi kuingia kwa miaka kadhaa. Anayemwita Friedrich Wilhelm "Mteuzi Mkuu", kama Wajerumani wanavyofanya, ni vema akumbuke pia watu waliosafirishwa kutoka pwani ile.

Mfalme aliyevaa sare

Mjukuu huyo, Friedrich Wilhelm I, alitawala kuanzia 1713 hadi 1740 nchi zote za ukoo wake, ambazo kwa pamoja sasa ziliitwa Prussia. Alianza kwa kufuta sehemu kubwa ya matumizi ya ikulu ambayo baba yake aliyapenda. Mwaka 1723 aliunganisha ofisi za kodi za vita na ofisi za mashamba ya kifalme ziwe chombo kimoja, Halmashauri Kuu, chenye mamlaka juu ya majimbo yote. Mwaka 1727 vyuo vikuu vya Halle na Frankfurt an der Oder vikapata maprofesa wa kufundisha usimamizi wa mali ya serikali. Maofisa walipigwa faini kwa kuchelewa vikao. Jeshi lilipanda kutoka askari wapatao 38,000 hadi zaidi ya 80,000, katika nchi yenye watu milioni mbili na kidogo.

Askari hao walitoka wapi? Mwanzoni wengi walikamatwa kwa nguvu, na vijana wakawa wanakimbia nchi. Ndipo mwaka 1733 ukaja utaratibu wa wilaya za kuandikisha, na hapa tunaweza kuiona mashine yenyewe kwa karibu. Kila kikosi kilipewa wilaya yake. Mtoto wa kiume wa mkulima aliandikwa jina tangu utotoni. Akikua na kimo kikitosha, aliitwa, akafundishwa gwaride na kufyatua bunduki kwa mfululizo, halafu akarudishwa kijijini. Kila mwaka alirudi kambini miezi miwili mitatu. Miezi iliyobaki alilima. Watoto wa makabaila, wachungaji, matajiri wa mijini na mafundi wa kazi fulani walisamehewa. Na ofisa aliyemwamuru kambini mara nyingi alitoka katika familia zilezile zilizomiliki vijiji. Mkulima alimtii kabaila shambani kwa jembe, akamtii kabaila kambini kwa bunduki. Utwana na jeshi vilishonwa pamoja, na ndiyo maana nasema Prussia haikuwa na jeshi kubwa licha ya kuwa na utwana; ilikuwa nalo kwa sababu ya utwana.

Kwa kabaila mdogo aliyekuwa na mashamba ya mchanga na watoto wengi wa kiume, uofisa ulikuwa mshahara na heshima. Mfalme aliwanunua kwa ajira. Alipowatoza kodi ya ardhi kule Prussia ya Mashariki walilalamika, lakini hawakuasi.

Mbona isiwe Saksonia? Swali hilo ni la haki, maana Saksonia ilikuwa tajiri kupita Brandenburg, yenye madini, viwanda na soko la Leipzig. Mtawala wake August alibadili dini akawa Mkatoliki mwaka 1697 ili achaguliwe mfalme wa Poland, na taji hilo likammeza: makabaila wa Poland hawakumpa kodi wala jeshi, wakati Dresden ilitumia fedha kwa majumba na sanaa. Bavaria ilichukua fedha za Ufaransa ikashindwa vitani mwaka 1704. Mtawala wa Hannover alipata kiti cha Uingereza mwaka 1714 na mawazo yake yakahamia London. Huko Württemberg na Mecklenburg mabaraza yalimshinda mtawala kabisa. Imla haikuwa hatima ya kila nchi ya Kijerumani.

Silesia

Friedrich Wilhelm I alifariki Mei 1740, akiacha hazina yenye mamilioni ya thaler taslimu. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo Kaisari Karl VI akafariki Vienna bila mtoto wa kiume. Karl alitumia miaka mingi ya utawala wake kukusanya saini za wafalme wa Ulaya, wakiahidi kumtambua binti yake Maria Theresa kuwa mrithi wa nchi zote za Habsburg. Saini zilipatikana. Fedha na askari hapakuwa. Maria Theresa, mwenye miaka 23, aliandika baadaye kwamba alijikuta bila fedha, bila mkopo wa kuaminiwa, bila jeshi na bila uzoefu.

Tarehe 16 Desemba, Friedrich II, mfalme mpya wa Prussia mwenye miaka 28, aliingiza jeshi Silesia. Lilikuwa jimbo la Austria lenye watu zaidi ya milioni moja, wafumaji wa kitani, na mto Oder uliolifungua kwa biashara. Mawakili wake walichambua mikataba ya karne ya 16 kutafuta haki. Yeye mwenyewe alikiri katika barua kwa rafiki yake kwamba ujana na tamaa ya sifa vilimsukuma. Aprili 1741, huko Mollwitz, askari wa farasi wa Austria waliwatawanya wenzao wa Prussia vibaya hata mfalme akashauriwa aondoke uwanjani. Akaondoka. Askari wa miguu wakabaki, na wao ndio walioshinda. Walitumia fimbo za chuma kushindilia baruti badala ya zile za mti zilizovunjika haraka, na kwa miaka mingi ya gwaride walikuwa wamejifunza kufyatua risasi kwa kasi ambayo Waaustria hawakuiweza. Mfalme hakuwapo, mashine ya baba yake ilifanya kazi bila yeye.

Septemba 1741 Maria Theresa alisimama mbele ya baraza la Hungaria mjini Pressburg, ambao leo ni Bratislava, akaomba msaada. Picha nyingi humwonyesha siku hiyo akiwa na mtoto wake Joseph mikononi. Kwa kweli mtoto aliletwa siku kadhaa baadaye. Makabaila walipiga kelele kwamba wanatoa uhai na damu yao. Walitoa askari, na kwa kubadilishana wakathibitishiwa kwamba hawatalipa kodi ya ardhi. Tena biashara ileile. Maria Theresa aliiokoa Bohemia na heshima ya ukoo wake, na mumewe akachaguliwa Kaisari mwaka 1745, lakini Silesia haikurudi.

Mwanafunzi wa adui

Kilichofuata Vienna ndicho kinachonivutia kuliko vita vyote. Miongoni mwa waliokimbia Silesia alikuwa Friedrich Wilhelm von Haugwitz, ofisa aliyetazama kwa makini jinsi Prussia ilivyotoa mapato makubwa kuliko Austria kutoka jimbo lilelile, ardhi ileile, watu walewale. Akamweleza malkia wake kwamba tofauti iko katika utawala. Mwaka 1748 akaleta mpango: jeshi la askari 108,000 wakati wa amani, litakalolipiwa na kodi ambayo mabaraza yataipitisha kwa miaka kumi kwa mkupuo badala ya mwaka mmoja mmoja, na makabaila nao walipe kwa ardhi yao. Mabaraza yaliguna lakini mengi yalikubali. Ya Carinthia yalikataa. Kodi ikatozwa huko kwa amri ya malkia. Mwaka 1749 ofisi kuu za Bohemia na za Austria zikaunganishwa kuwa moja, kwa mfano ulioonekana wazi kuwa wa Berlin. Chuo cha maofisa kikafunguliwa Wiener Neustadt.

Austria iliingia katika imla ya kisasa kwa kumwiga aliyemwibia. Hungaria na Uholanzi wa Austria, yaani Ubelgiji ya leo, zilibaki nje ya mpango. Na sura ya malkia huyu ilifika hadi kwetu: riale za fedha zenye picha yake na mwaka 1780, mwaka aliofariki, ziliendelea kupigwa chapa muda mrefu baada ya kifo chake, zikatumika katika biashara Uhabeshi, Uarabuni na pwani ya Zanzibar katika karne ya 19.

Waziri wake Kaunitz alifanya lililodhaniwa haliwezekani: Mei 1756 Austria na Ufaransa, maadui wa zaidi ya miaka 200, zikafunga mkataba. Urusi ikaungana nao. Friedrich akatangulia kupiga, akaivamia Saksonia mwezi Agosti, na vita ikadumu miaka saba. Alishinda Rossbach na Leuthen mwaka 1757, akapondwa na Warusi na Waaustria huko Kunersdorf mwaka 1759, akaishi kwa ruzuku ya Uingereza na kwa sarafu zilizopunguzwa fedha. Kilichomwokoa ni kifo cha malkia Elizabeth wa Urusi Januari 1762, maana mrithi wake alivutiwa mno na Friedrich na akafanya amani mara moja. Mkataba wa Hubertusburg wa Februari 1763 uliacha mipaka palepale ilipokuwa. Watu walikufa kwa mamia ya maelfu na Silesia ikabaki ya Prussia.

Mwaka huohuo wa amani, Friedrich, aliyejulikana sasa Ulaya nzima kama mfalme ambaye neno lake ni sheria, aliamuru utwana ufutwe kabisa huko Pomerania. Makabaila wa Pomerania walijibu kwamba haiwezekani, kwamba nchi itaharibika na askari hawatapatikana. Mfalme alirudi nyuma na jambo likaishia hapo. Aliyekabili majeshi ya nchi tatu hakuweza kuwashinda makabaila wake mwenyewe, kwa kuwa maofisa wengi waliompigania walikuwa wao. Alichoweza ni kuwakataza kuwafukuza wakulima na kumeza mashamba yao, maana mkulima akiondoka, mwanajeshi ameondoka.

Austria nayo ilikutana na ukuta huohuo kwa njia nyingine. Mwaka 1770 maofisa wa jeshi walitumwa vijijini kuhesabu wanaume wanaofaa kuandikishwa, kwa mtindo uliofanana na wa Prussia. Walipaka namba kwenye kila nyumba, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Walipoingia ndani ya nyumba hizo waliona watu wenye njaa, watoto wagonjwa, miili iliyochoka kwa shokoa, na wakaandika hayo katika taarifa zao kwenda Vienna. Serikali iliyotaka kuhesabu bunduki ilijikuta imehesabu umaskini. Njaa kali iliikumba Bohemia katika miaka hiyo hiyo, wakulima wakaasi mwaka 1775, na Maria Theresa akatoa amri nyingine ya kupunguza shokoa. Alitaka kwenda mbali zaidi, makabaila wakamzuia.

Wapinzani hao wawili walijua pia kushirikiana palipokuwa na mawindo. Mwaka 1772 walikatiana vipande vya Poland pamoja na Urusi. Miaka sita baadaye walivutana tena juu ya Bavaria, katika vita isiyo na pigano kubwa ambayo askari waliipa jina la vita ya viazi, kwa sababu walitumia muda mwingi kutafuta viazi mashambani.

Joseph II, mwana wa Maria Theresa, ndiye aliyejaribu kuuvunja mkataba na makabaila. Mwaka 1781 aliwapa wakulima wa Bohemia haki ya kuhama, kuoa na kujifunza ufundi bila ruhusa ya bwana, na mwaka 1789 akatangaza kodi moja itakayowahusu wote na kuigeuza shokoa kuwa malipo ya fedha. Hungaria ilichemka, Ubelgiji ikaasi, na Prussia ikawachochea. Januari 1790, akiwa mgonjwa wa kufa, alifuta karibu mageuzi yake yote ya Hungaria, na mdogo wake aliyemrithi akaifuta kodi mpya.

Ulihitajika ushindi wa Napoleon kuisukuma Prussia iufute utwana. Jeshi lake lilivunjwa Jena na Auerstedt Oktoba 1806, miezi miwili baada ya Franz II kulivua taji la Dola Takatifu na dola lenyewe kufa. Amri ya Oktoba 1807 ilitangaza kwamba kuanzia siku ya Mtakatifu Martin mwaka 1810 hapatakuwa na mtwana Prussia. Katika nchi za Austria shokoa ilidumu mpaka bunge la mapinduzi lilipoifuta Septemba 1848, kwa sharti kwamba mabwana walipwe fidia kwa sehemu kubwa ya haki walizopoteza. Kule Prussia kanuni za mwaka 1811 ziliweka bei kwa ardhi: mkulima aliyetaka shamba alilolilima liwe lake bila shokoa wala ada, alilazimika kumwachia kabaila theluthi ya shamba hilo, au nusu, kutegemea kama alikuwa na haki ya kulirithisha.